Kidole cha Mkaguzi

Mkaguzi wa somo la Kiingereza hakuliamini shairi lolote mpaka aligonge kwanza. Katika kila shule ya Mpanda alikaa dawati la nyuma, akafuta vumbi la barabara viatuni kwa kitambaa kilekile cha bluu, kisha kidole chake cha shahada kikaanza kugonga dawati, pigo baada ya pigo, kama anayetwanga. Ubeti usio na mizani aliuita mgonjwa, kwa sauti ya upole iliyotisha kuliko kelele. Mwalimu Yotham, aliyetoka chuoni majuzi na moto wake wote, alijua kidole hicho kingetosha kumfutia kipindi chake cha mashairi mapya.

"Washairi Waingereza wa sasa wamewasoma wenzao Wamarekani, mzee," alijitetea siku mkaguzi alipofika darasani kwake. "Wamejifunza kuandika kwa pumzi ya mtu anayeongea."

"Marekani, mtoto, amfundishe mama yake Uingereza kupika?" mkaguzi alicheka. "Haya, nisikie."

Thacienne, mwanafunzi wa kutoka Katumba, akasimama na kusoma shairi la Mwingereza wa leo, taratibu, kama anayemsimulia jirani habari za msiba. Kidole kikagonga, kikapotea, kikajaribu tena, kikakwama hewani. Darasa zima likakitazama. Kisha kiganja kizima kikalala juu ya dawati, kikawa kinapanda na kushuka pamoja na pumzi za msomaji.

"Rudia, binti," alisema mkaguzi. Baada ya mara ya pili akajikohoza. "Kipindi kiendelee, mwalimu. Ila kesho nisomeeni hao Wamarekani pia, nijue mama Uingereza alionja sufuria ya nani."

Yotham akashusha pumzi, ndefu kuliko mstari wowote uliosomwa pale.