Mti wa Kashata wa Glenwood

Saa kumi na mbili asubuhi, Athanase anafagia ua wa nyumba moja kongwe mtaani Glenwood, Durban. Anafagia ngazi, anafagia njia ya gari, anafagia mpaka nje ya geti. Akifika kwenye mti mmoja ulioinamisha matawi hadi karibu na ardhi, anauzunguka kwa adabu na kuyaacha majani yake ya manjano palepale yalipoanguka.

"Hapa sifagiake tena," anasema. "Nilishafanya mubaya ya kutosha."

Athanase, mwenye miaka arobaini na mmoja, alitunza bustani Bukavu kabla vita havijamfukuza. Sasa, mwaka huu wa 1999, kazi ni ileile kwa randi hamsini kwa siku na chumba cha uani.

Mwenye nyumba ni Mama Verediana, mzaliwa wa Bukoba, aliyeolewa na mkimbizi wa Afrika Kusini huko Morogoro na kumfuata kwao siasa zilipobadilika. Mti huo, katsura ya Kijapani, ulipandwa na mumewe. Aliuona ughaibuni alikosomea, akaapa kwamba majani yakianza kuanguka, ua mzima utanukia kama jiko linalopikiwa kashata. Akafariki kabla mti haujaangusha hata jani moja.

Wauza miche walisema hautaliweza joto la Durban. Athanase akaufunga kwenye nguzo ili shina lisitambae, akaukinga jua kwa wavu, akaumwagilia asubuhi na jioni. Mti ukakubali. Harufu ikagoma.

Kila Mei, kwa miaka mitatu, Mama Verediana alitoka barazani, akanusa, akarudi ndani. Mwaka huu akamwita mtu wa msumeno aje Jumatatu.

"Nilisema basi, mzee alinifariji tu," anaeleza. "Inauma, mwanangu, kuamka kila siku unatazamana na uongo wa mtu uliyempenda."

Jumapili, siku moja kabla, baada ya manyunyu, Athanase alikwenda kumwaga takataka kwenye shimo la mbolea nyuma ya chumba chake. Akasimama na ndoo mkononi. Shimo lilikuwa linanukia sukari inayoungua.

Kumbe harufu hutoka kwenye majani yaliyokwisha kuanguka, yanapoanza kukauka. Naye, aliyelelewa akijua kwamba ua usiofagiwa ni aibu ya nyumba nzima, alikuwa akiyazoa yote kila alfajiri kabla mwenye nyumba hajaamka. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema wahenga. Mila ya Athanase nusura iukate mti.

Aliyabeba majani kwa aproni mpaka jikoni.

"Maman, nusa hii. Iko mti yako. Ni mimi nilikuwa naitupaka."

Mama Verediana aliinamia ile aproni, akalia hadi ikalowa. Kisha akainua uso.

"Mzee wangu hakusema uongo, Athanase. Wewe ndiye uliyekuwa unamfagia."

Mtu wa msumeno alipofika Jumatatu, alipewa chai akaondoka.

Sasa Athanase amefukia tawi moja kwenye chungu cha udongo, litoe mizizi. Ameliweka mlangoni pa chumba chake, likimsubiri mkewe, Gracieuse, ambaye bado yuko Bukavu. Anamwomba Mungu amfikishe kabla ya Mei ijayo.

"Yeye anafagiaka kunipita," anasema, akitazama geti. "Akifika tu, mbele ya kumupa hata maji, nitamunyang'anya ufagio."