Herufi za Harusi ya Furaha, Wanazitaka kwa Matanga

Admin, ficha jina langu, ingawa Kisangani nzima watanijua. Mimi ni papa wa miaka hamsini na mbili, niko na secrétariat public, nyumba ya kuandika na kuchapa. Calicot yangu moja, kile kitambaa cha matangazo, ilianzia kwenye maanguko ya Tshopo ikaishia katikati ya mji, watu wakaisoma juu ya pikipiki bila kusimama. Masomo nilikomea primaire, lakini mashine haikunishinda hata moja, mpaka mwezi huu.

Nililea mutoto wa marehemu dada yangu, hapa nimuite Furaha. Ni yeye aliniletea dukani Linux, ile programu inaendesha kompyuta. Akaanza kuchora herufi zake mwenyewe, zile mafundi wanaita police, kwa kadi ya harusi yake. Mikia inajikunja kama sombe changa, majani ya muhogo. Namuuliza: "Na tarakimu?" Ananicheka mimi mjomba wake: "Tonton, bwana harusi hajaleta hata mbuzi moja, tarehe nitachora ya nini?"

Alienda Kivu kununua wino. Vita ikakata barabara nyuma yake. Simu iliita siku chache, kisha ikanyamaza. Noeli mbili zimepita.

Sasa ndugu za baba yake wamekuja. Mkubwa wao anasema: "Shemeji, imetosha. Tufanye matanga. Calicot uandike kwa herufi zake, si unasemaga ni wewe ulimufundisha?" Ndivyo nasemaga kweli.

Nikafungua mashine kwa compte yangu, ile naingiliaga na jina langu, nikaandika jina lake. Zikatoka herufi zingine, nene, kama za duka la dawa. Nikaita fundi.

"Tonton, kwa Linux kila mutu iko na dosie yake, mfuko wa herufi, na iko ingine ya wote. Furaha aliziweka kwake, donc ni yeye tu anaziona. Kwako mashine imezikosa, imeweka zingine. Haiulizi mutu."

"Unaweza kuzitoa?"

"Na password yako ya mkubwa wa mashine, nazikopi kwa dosie ya wote, mashine inazisoma upya, bas."

Nikaandika hiyo password, akaingia kwa compte ya binti, akanionyesha. FURAHA, na mikia yake yote. Nikakaa chini.

"Lakini tarakimu hazimo," akasema. "Mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, mashine itaazima kwa herufi zingine."

Mwaka wa kufa. Nikamwambia aende kwanza akunywe chai.

Shemeji anasema nitie tu mwaka huu. Nani alimwambia ni mwaka huu? Hatujaona mwili, hakuna mutu amesema alimzika. Hata bibi yangu, mama ya nyumba, ananiuliza: "Papa, utangoja mpaka wapi?"

Fundi anarudi juma hili. Nikikubali, herufi za harusi zitatoka kwanza kutangaza kifo, na mkono wa kuandika ule mwaka ni wangu. Nikikataa, familia itasema nimemnyima mutoto matanga. Nyinyi ambao vita ilichukua mutu wenu na hamkuona kaburi, mulifanyaje? Nishaurini, mimi peke yangu siwezi.