Remiksi Iliyoniua

Nisameheni kwa kimya changu kirefu. Leo naandika kwa sababu mtaa wetu wa Mangobo umenililia, nami ni mzima.

Mpwa wangu Sifa hutengeneza muziki wa hausi kwa kompyuta.
Aliniomba nimpigie lokole, ngoma yetu ya kupelekea habari, akanirekodi.
Nilipiga jina langu la ngoma, mapigo yanayonitambulisha mimi tu. Kisha, kama mfano mwingine kabisa, nikapiga mwito wa msiba.

Asubuhi hii wimbo wake wa kwanza umetoka, pamoja na remiksi mbili. Muziki mtamu, nakiri, unapanda taratibu kama mto wakati wa mvua.
Lakini katika remiksi ya pili, mifano yangu imeunganishwa.
Baa ya jirani ikaifungulia sauti yote, na wazee wanaoelewa lokole wakasikia kwamba nimekufa.
Siku hizi za vita, nani angeshangaa?

Wakaja na viti vyao kukaa matanga. Mimi nilikuwa nakula pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo.

"Papa, uko muzima?" akafoka jirani yangu, Mama Anto. "Alors, tumelia bure?"

Wakaimaliza pondu yangu. Sifa akaja mbio, nikamwamuru aifute remiksi hiyo.

"Tonton, hapana! Hiyo ya kifo njo watu wanapenda zaidi!"

Nikageuka. Mama Anto, machozi hayajamkauka, alikuwa anaicheza.

Niifute, au niendelee kufa kila baa inapofunguliwa? Semeni.
Nikishaamua nitawaandikia. Kabla ya hapo, mkisikia nimekufa, njooni na chakula chenu.