Alama Zilizogeukia Ndani

Mimi ni mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi nimewakemea watu wanaosimulia mizimu. Kwa hiyo mkitaka kusema nimezeeka vibaya, semeni. Nililoliona niliona saa saba mchana, jua la Homa Bay likichoma, nikiwa macho na sina homa.

Lile ghala la silaha la wakoloni lilikuwa na kuta nene za mawe ya kuchongwa, madirisha ya tao ya enzi za Malkia wa zamani, na mlango mfupi wa chuma. Liliangushwa kwa siku mbili, mawe yasagwe kuwa kokoto. Nilikuwa nimepeleka barua ofisi hadi ofisi kuomba lisibomolewe, nikachekwa. Mzee mzima, waliniuliza, unalilia nyumba ya bunduki zilizowaua babu zako? Niaminini, sikuwa na jibu.

Siku hiyo wafanyakazi walikwenda kula. Nikaketi juu ya kifusi kuyaaga mawe. Ndipo nikamwona mtu mwembamba, ngozi ya mbuzi kiunoni, akichonga jiwe. Patasi iligonga mbele yangu, lakini mlio ulitoka juu, hewani, pale ukuta ulipokuwa. Ningekimbia? Nikasali kwa sauti. Akangoja nimalize, kwa adabu, kisha akaendelea kuchonga.

Nikamuuliza kama tunavyoulizana kwetu: "Wewe ni wa nani?"

Akataja jina langu. Si la ubatizo, ni lile alilonipa nyanya yangu kwa sababu marehemu mmoja alimjia ndotoni akitaka mtoto aitwe kwa jina lake.

"Geuza jiwe," akasema kwa Kijaluo cha zamani. "Mzungu alikagua upande wa nje tu."

Akainuka, akainamisha kichwa kwa ajili ya mlango ambao haupo tena, akaingia. Hakutokea upande wa pili.

Nikageuza jiwe. Upande uliofichwa ukutani ulikuwa na samaki aliyechongwa. La pili, pembe za ng'ombe. La tatu, mistari mitatu. Kila aliyechonga chini ya kiboko alikuwa ameweka alama yake mahali ambapo bwana hangeiona. Jibu langu lilikuwa hilo.

Dereva wa tingatinga akarudi. "Jaduong', mzee wangu, toka hapo. Hayo mawe si ng'ombe za babu yako."

"Ni babu mwenyewe," nikamwambia. "Shuka uone, au unipite juu."

Alishuka. Tukageuza pamoja, jiwe baada ya jiwe. Mwenye kandarasi akaleta walinzi wawili, wakanibeba juu juu nikiimba tenzi. Lakini dereva alikataa kuwasha injini mpaka yale kumi na moja tuliyoyageuza yawekwe kando. Yako nyuma ya kanisa letu, alama zikitazama nje.

Mengine yalisagwa yakapelekwa Migori. Yamo chini ya maduka ya Suna, mjini humo. Tangu hapo, kila saa saba mchana, sikio langu la kulia husikia patasi. Daktari hakuona kitu. Mchungaji alitaka kuikemea, nikakataa. Mungu aliyemruhusu aje hajaniambia nimfukuze, nami namshukuru.

Wewe mwenye duka, basi: ukisikia kugongwa chini ya sakafu mchana, usiite mtu wa kufukuza pepo. Huyo hata kiboko hakikumweza. Piga magoti, uulize ni wa nani, na ujiandae kusikia jina lako.