Dole Gumba la Bibi Jirani

Bibi jirani yangu amenichosha. Mimi ni balozi wa nyumba kumi hapa Nkuhungu, na kila wiki ananiita nishuhudie wosia mpya wa mdomo. Akiletewa mlenda na mjukuu, kiwanja chake ni cha mjukuu. Mkwe akimfulia kanga, kinahamia kwa mkwe. Hata mimi, siku niliyompelekea kuni, niliahidiwa kipande. Miguu haimtii tena, uji hawezi kujikorogea, lakini akimtaja mrithi huunyoosha mkongojo kuelekea ua wa minyaa ya mpakani mwa kiwanja na kutoa sauti ya kuamrisha askari. Jamaa wanaondoka wamenuniana. Tangu serikali itangaze kuwa biashara ni ruksa kwa kila mtu, kila mmoja anaota fremu za maduka pale.

Juzi nikamleta hakimu mstaafu, na karatasi, na wino. "Bibi, weka dole hapa, yaishe." Akakunja ngumi, dole gumba likapotelea ndani, kama afanyavyo kila akiona wino. Nikafoka: "Ukipoteza fahamu kesho, nani atakuamulia? Hawa jamaa zako watatoana roho!"

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Balozi, nikishaweka dole, keshokutwa uji ataniletea nani?"