Roboti Inayomkimbilia Kitinda

Saa mbili asubuhi, katika karakana ya ghala la dawa, fundi mmoja anatembea kinyumenyume, taa ya kijani mkononi. Roboti yenye magurudumu manne inamfuata, kamera yake imeikodolea taa ile. Mara mlango unafunguliwa, jua linaingia. Roboti inasita, inageuka, inakwenda zake meza ya pili.

Huko yuko mdogo wa mwisho wa fundi huyo, ambaye karakana nzima humwita Kitinda. Naye anajaribu roboti yake, kwa taa ya kijani vilevile.

"Dada, mwanao kaja kwangu tena. Nimnyonyeshe?"

"Mnyonyeshe, si unajiona una maziwa," anajibu dada mtu, bila kucheka.

Kesho mwenye ghala atachagua roboti moja tu ya kubeba makasha, na aliyeiunda ndiye atakayekuwa msimamizi. Dada ana miaka kumi na mmoja hapa, Kitinda miwili. Lakini roboti ya Kitinda haipotezi taa hata mlango ukiachwa wazi.

"Roho inaniuma, nisikudanganye," dada anamwambia mwandishi wa gazeti aliyekuja na kamera yake. "Kushika bisibisi nilimfundisha mimi. Leo mama akipiga simu anauliza, 'Ya Kitinda inaendeleaje?' Yangu haulizi."

Kosa lenyewe analijua. Kamera yake ameiacha ijirekebishe mwanga yenyewe. Jua likiingia inababaika, taa inafifia, na roboti inatafuta nyingine. Wiki nzima Kitinda amemsihi azime marekebisho hayo, picha aitie giza, ibaki taa tu. Wiki nzima amekataa.

"Angeniambia mtu mwingine, ningefanya siku ileile."

Mchana, Kitinda anapotoka kwenda kula, dada anainamia kompyuta. Picha inakuwa nyeusi tii, nukta moja ya kijani katikati. Anafungua mlango mwenyewe, anarudi kinyumenyume na taa yake hadi meza ya pili. Roboti inamwandama yeye tu.

Kitinda anamkuta hapo. "Umetia giza?"

"Nimetia."

"Nani kakwambia?"

"Nimeota."

Kitinda anacheka mpaka anashika meza.

Akichaguliwa, dada anasema, atamwomba mdogo wake awe msaidizi wake. Na akichaguliwa Kitinda? anauliza mwandishi.

Dada anaizima taa, anaiweka mezani taratibu.

"Nitampongeza, ni damu yangu. Ila wakati huo, tafadhali, usinipige picha."