Kumfuata Ngalula Mutshatsha

Niliondoka Dilala, mtaa wetu wa Kolwezi, kwa sababu ya kilio kisichokwisha. Mama Kalenga, jirani yangu, alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita, na ndugu zake, kaka na dada, bado walilala juu ya mikeka uani. Walikataa kuondoa kilio, yaani kumaliza matanga, kabla Ngalula, binti yake pekee, hajafika. Ngalula alikuwa Mutshatsha, mji mwingine, kwa mjomba wake. Alifukuzwa Kolwezi wakati watu wenye baba wa Kasai, mkoa wa mbali, walipotolewa majumbani, na amri ilikuwa moja: aliyefukuzwa harudi. Hata hivyo ndugu wale wakanituma nimlete.

Nilibeba barua pia. Sisi wachache wa parokia tulikuwa tukikusanya sahihi, tuwaombe wabunge watunge sheria kwamba mtu asizuiwe njia wala kufukuzwa mji kwa ajili ya asili ya baba yake. Watu walinisifu kwa kujitolea. Sifa zile zilinikera, maana nilijua jambo ambalo wao hawakulijua.

Jumanne asubuhi nilipanda lori la Tata Saidi (tata kwetu ni baba), aliyekuwa akienda kuchukua makala, yaani makaa ya kupikia. Treni tulishaacha kuitegemea tangu kampuni ya madini ilipoanza kuanguka. Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani pa kutoka mjini, askari alisoma mstari wa asili kwenye kadi yangu ya utambulisho, akanirudishia mara moja. Ya Tata Saidi aliigeuzageuza.

"Weye uko na bahati," Tata Saidi aliniambia tulipoachiwa. "Mi kila safari bananiuliza nitarudia kwetu siku gani. Kwetu wapi? Baba njo alitoka Maniema. Mi nilizaliwa hapa hapa!"

Akacheka. Mimi nilitazama barabara.

Mutshatsha tulifika alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimkuta Ngalula nyuma ya nyumba ya mjomba wake, anamenya muhogo, kichwa amenyoa kwa ajili ya mama yake. Habari ya msiba ilikuwa imemfikia.

"Karibu, Tata," alisema. Akanipa kiti, akanipa maji. Kisha akasema, "Mi nilishajaribu. Mara mbili nilifika ku bariere, mara mbili bananirudisha."

Akatoa kadi yake ndani ya kitambaa. Ee Mungu wangu! Mwandiko ule ulikuwa wangu.

Niseme sasa. Miaka mingi nilikuwa karani kwenye ofisi ya kampuni, na kadi za watoto wa wafanyakazi tulizijaza sisi. Hatukumuuliza mtu amezaliwa wapi. Tulichukua kadi ya baba, tukanakili asili yake, tukapiga muhuri, mwingine aje. Ilikuwa haraka, na hatukuona ubaya. Ngalula alizaliwa kwenye hospitali ya kampuni Kolwezi, na Kasai hajawahi kuiona hata siku moja. Mimi niliandika Kasai.

"Mama," nilimwambia Ngalula kwa heshima, "hii kadi mi njo niliandika."

Aliendelea kumenya.

"Najua, Tata. Barua zote za mama, weye njo ulikuwa unaandika; mwandiko naujua. Nilikuwa nangoja useme."

Aibu iliyonishika siwezi kuieleza. Nilimpa barua ya wabunge atie sahihi. Aliisoma yote, polepole, akanirudishia.

"Humu munasema 'makosa yalifanyika.' Nani alifanya? Andika ile kwanza. Ukiisha, njo nitaweka jina yangu."

Nikaandika kwamba mimi ndiye niliyejaza kadi ile, nikatia sahihi yangu chini yake. Naye akatia yake.

Alhamisi mimi na Ngalula tulirudi na lori lile, juu ya magunia ya makala. Njia nzima nilikuwa na moyo mkubwa, nikijiambia kwamba aliyefunga fundo ndiye anayejua kulifungua. Kwenye bariere nilishuka wa kwanza. Nilimweleza askari kila kitu: mimi ndiye karani, nilikosea, huyu ni mzaliwa wa Kolwezi, na mama yake amelala kaburini Kolwezi anamngoja. Hakuwa mtu mbaya yule askari. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena akampa Ngalula pole.

"Tata, nasikia. Lakini mi niko na amri. Weye uko na sheria gani ya kunionyesha?"

Nilimpa barua. Aliisoma.

"Hii haiko sheria. Hii ni kuomba tu."

Nilipandisha sauti, nikamwambia maneno ambayo mtu wa parokia hayasemi. Ngalula akanishika mkono.

"Acha, Tata. Ubaambie bajomba baondoe kilio. Basinisubiri tena."

Akageuka, akaanza kurudi kwa miguu alikotoka. Tata Saidi alizima injini, tukamtazama mpaka akapotea njiani.

Dilala, jioni ile ile, niliufikisha ujumbe. Wajomba wakakunja mikeka kama alivyotaka. Wanawake wakaanza kulia upya, na safari hii walimtaja Ngalula pamoja na mama yake, kama watu waliozika wawili.

Ninyi mnaosoma haya mkiwa nyumbani kwenu, nimejifunza hili tu. Uongo wangu ulipigwa muhuri, ukakubaliwa kwenye kila bariere. Ukweli wangu niliusema kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mtu mwema, na haukuvusha hata mwanamke mmoja. Kwa hiyo msiniambie kwamba watu wakiwa na roho nzuri inatosha. Tupeni sheria. Nilitumwa kumleta mtoto amlilie mama yake, nikarudi na karatasi ya kuomba.